Sinia Lisilobebwa na Mtu Mmoja

Sauti ya Prossy ilinikuta jikoni nikichambua mchele, simu nimeiegemeza kwenye kopo la bizari. Miaka kumi na saba sikuwa nimeisikia sauti hiyo ikiniita kwa jina, ingawa nilishaisikia ikisema mengine mengi katika video zinazopita simu kwa simu baina ya wanawake wa kazi za majumbani hapa Mabela, Maskati. Humo Prossy yuko jukwaani katika mji wa Boston, Marekani, kavaa koti zito, kidole kimeinuliwa, na mbele yake ukumbi mzima wa watu wanaotunza wazee wa Kimarekani wanaitikia kila sentensi yake kwa makofi. Alianza kwa kuwaosha wazee hao yeye mwenyewe. Mwaka huu wamemchagua kuwa mwenyekiti wa chama chao cha wafanyakazi. Sasa alikuwa mji mmoja nami. "Mwanaidi," alisema, "mimi niko Bustan, kwa ile hoteli kubwa, tuko na mkutano wa siku tatu. Kesho Ijumaa wasichana wanakutana kwa nyumba ya mmoja wao huko kwenu. Nataka usimame uwaambie hadithi ya sinia. Wameisikia kwangu tu, sasa waisikie kwa mwenyewe. Na usikatae, nyabo. Wewe nakujua kwa kukataa." Akacheka. Nilibaki nimeushika ungo, mchele unateleza taratibu kuelekea ukingoni, wala sikuuzuia.

Naijua anavyoisimulia. Katika hotuba zake kuna mpishi. Siku wanawake walipogoma katika jiko moja la Maskati, anasema, mpishi aliinuka peke yake, akapakua sinia moja la wali, akasimama nalo ili mabosi wakione kile chakula wasichoweza kukipata bila mikono yetu. Watu wa Boston hushangilia hapo. Mpishi huyo ni mimi, na sikusimama pale ili mtu yeyote aone chochote. Tena kuna kipande ambacho Prossy hakukijua. Siku ya tatu baada ya mgomo ule mtu alitaja jina lake, na kwa kutajwa huko akaondolewa. Aliyemtaja ni mimi. Nimeishi na jambo hilo kama mtu anavyoishi na jiwe la figo: siku nyingi limetulia, kisha asubuhi moja linakukunja mpaka unashika ukuta.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikifanya kazi kwa Bi Zuwena, mjane wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, aliyesema Kiswahili kitamu kuliko changu mimi mtu wa Pangani. Nyumba yake ilikuwa mpya, nyeupe, ya ukuta mrefu, yenye vyumba ambavyo hakuna aliyelala na makochi ambayo hakuna aliyekaa. Maisha yote yalikuwa nyuma, katika jiko la nje, chumba cha matofali chenye majiko matatu ya gesi, sakafu ya vigae iliyoteleza kwa mafuta, na dirisha la wavu lililotazamana na dirisha la chumba cha Bibi. Kwa dirisha hilo aliniita asubuhi, "Mwanangu, nnanusa iliki, leo unatupikia nini?" nami nikaitika, "Abee, Bibi," na kwa muda nikasahau kwamba pasipoti yangu imefungiwa katika kabati la chuma nyumbani kwa binti yake Thuraya, mitaa miwili kutoka kwetu. Thuraya ndiye aliyeshughulikia karatasi za wote, kwa kuwa mama yake alikuwa mzee. Sikupigwa nyumba ile, sikulazwa njaa, na Bibi aliniita mwanangu. Nilivyozidi kupendwa ndivyo nilivyozidi kuogopa, maana anayepewa kwa mapenzi hana pa kudai siku mapenzi yakiisha.

Prossy aliletwa mwezi wa joto kali, kuwa wa pili wangu: mimi jikoni, yeye vyumba na nguo. Alikuwa Mganda wa miaka thelathini hivi, mpana wa mabega, aliyejifunza Kiswahili Nairobi akiuza nguo Eastleigh. Nyumba yake ya kwanza hapa ilikuwa ya Waarabu wasiojua Kiswahili, na huko yeye na mwenzake walikigeuza Kiswahili kuwa ukuta wa kujifichia. Basi akaja na ukuta wake. Siku ya kwanza Bibi ameketi kwenye kiti chake cha mikono, fimbo mapajani, anamtazama tu, Prossy akanigeukia na tabasamu la adabu usoni, akasema, "Haka kazee kanatuangalia kama polisi. Na mdomo vile umeingia ndani, kwani kanakulanga na meno ya nani?" Nilitaka kumkanyaga mguu, lakini alikuwa mbali. Bibi akavuta pumzi, akasema taratibu, "Meno nnayo ya kununua, mwanangu, nimeyaweka gilasini. Masikio nnayo ya Mungu." Prossy akapiga magoti pale pale, kwa adabu ya kwao, akasema, "Banange, Mama, nisamehe, sikujua." Bibi akacheka mpaka akakohoa. Prossy akanifuata jikoni. "Kumbe hapa hakuna pa kusemea," aliniambia. Tangu siku hiyo akikutana na Waganda wenzake alisema Kiluganda tu, nami nikawa mtu wa ajabu nyumba ile: mabosi wananielewa kila neno, wafanyakazi wenzangu siwaelewi.

Saa za kuongea zilikuwa baada ya adhuhuri, nyumba nzima imelala, jua limesimama juu ya matangi ya maji na barabarani hapiti hata paka. Tulikaa sakafuni chumbani kwetu, kiyoyozi kimezimwa ili tusikie kandambili zikija. Hofu ya saa zile ilikuwa na sauti zake. Kandambili za Thuraya, aliyezoea kuja bila taarifa, zilivuta kidogo mguu wa kushoto. Funguo zake zilikuwa nyingi katika pete moja. Nilizijua toka getini. Prossy alinishangaa. "Wewe unaogopa nini? Hawajakufanya kitu." Nikamwambia, "Ndiyo maana." Alinitazama sana, kisha akaniuliza swali ambalo baadaye nililisikia tena katika video, likiulizwa kwa Kiingereza mbele ya mamia: "Wewe ukiumwa, nani atajua?" Nilisema Bibi atajua. "Na Bibi akilala?" Swali hilo alimuuliza kila mwanamke aliyekutana naye, dukani, kwenye pipa la taka, mlangoni kwa daktari wa meno wa Bibi. Hakuwa na karatasi wala mpango. Alikuwa na swali hilo moja, na subira ya kungoja jibu.

Jibu lilikuja kwa mkono wa Nakato. Nakato alikuwa msichana wa Kiganda aliyefanya kazi kwa Thuraya, mwepesi, mcheshi, mwenye pacha wake kwao Jinja ambaye Nakato aliigiza sauti yake ikawa kama wako wawili chumbani. Siku moja akikaanga sambusa, mafuta yalimwagika juu ya mkono wake wa kulia. Kwa mwenye karatasi, hospitali ingemaliza kazi. Lakini hospitali huuliza kitambulisho cha ukaazi, kile wanachokiita bataka, na bataka ya Nakato ilikuwa imekwisha muda. Thuraya alimwambia mumewe ameshaishughulikia. Hakuwa ameishughulikia, alisahau, kisha akaogopa kusema amesahau, na kila wiki iliyopita iliufanya uongo ule kuwa mzito zaidi. Mumewe hakuwa mtu wa kuvumilia uongo. Basi Thuraya alimpaka Nakato asali, kesho yake bizari, keshokutwa dawa ya meno, akamfunga kipande cha kanga, akamwambia, "Inshallah utapoa, mbona kidogo tu." Mimi simlaani Thuraya kama zamani. Woga wa nyumba zile ulikuwa kitu cha kupokezana: mume alimtisha mke, mke akamfungia msichana ndani, msichana akauficha mkono nyuma. Kila mmoja alidhani wake ndio wa kwanza.

Tungeweza kukaa mwezi bila kumwona Nakato, kama si khitma ya marehemu mume wa Bibi. Kila mwaka katika siku aliyofariki, wanaume wa ukoo walikusanyika katika majlisi, sebule ya wanaume, kumsomea Kurani, na baada ya dua walilishwa. Watoto wa Bibi walitaka chakula cha kuagiza. Bibi alikataa. "Marehemu hakula cha duka alipokuwa hai, asomewe kwa cha duka leo?" Na koo hizi zilizotoka Unguja zina desturi yao: shughuli ikiwa kwa mmoja, ndugu humtumia wafanyakazi wao kama wanavyotumiana masufuria. Siku mbili kabla ya khitma wanawake tisa walishushwa getini kwetu, kila mmoja na kisu chake na nguo za kubadilisha. Wengine walikuwa hawajatoka ndani ya kuta zao tangu Ramadhani. Jiko lilijaa kelele. Mmoja alimwambia mwenzake, "Umenenepa, bosi wako anakufuga umchinje nani?" Mwingine akajibu, "Nenepa na wewe tuone kama utapita mlango wa stoo." Walicheka wakimenya vitunguu mpaka machozi yakawa hayajulikani ya nini.

Nakato alikaa pembeni akimenya kitunguu thomu kwa mkono mmoja. Prossy ndiye aliyenusa harufu ya kidonda. Alisimama na beseni la nyama, akageuka, akamfuata, akachuchumaa. Walisema kwa Kiluganda, chini chini. Nakato akatikisa kichwa. Prossy akalishika lile fundo la kanga akalifungua kwa meno. Kelele zilikatika kuanzia pale walipokuwa hadi mlangoni, kama taa zinavyozimwa chumba baada ya chumba. Vidole viwili vya mwisho havikuwa na rangi ya kidole. Sisemi zaidi. Mwanamke mmoja alitoka nje kutapika. Mimi nilikoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa, kwa sababu sikutaka kuwa mtu aliyeona.

Mchana ule nyumba ilipolala, Prossy aliweka beseni la maji katikati ya jiko. Alisema kwa Kiswahili, ili na mimi niwemo, na nilimwona anaogopa pia, alikuwa analamba midomo. "Kesho kutwa wazee wakimaliza kusoma, watangoja chakula. Sisi tutakaa chini. Hatutukani mtu, hatuvunji kitu. Chakula kitatoka Nakato akishaingia kwa gari aende hospitali. Anayekubali atie kisu hapa." Nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine, "Prossy, hii si sherehe. Hii ni khitma. Ni dua ya maiti. Chakula chake ni sadaka yake. Ukikizuia unamzuia yeye." Kwake yeye Mkristo wa Masaka ilikuwa karamu kama karamu nyingine, watu wengi na njaa nyingi, siku nzuri ya kugoma. Alinisikiliza. Akafikiri. "Huyo mzee aliyekufa," alisema, "angekuwa hai angekula huu wali akijua?" Visu vikaanza kuingia majini, kimoja kimoja, kila kimoja na mlio wake. Vilipofika kumi macho yalinigeukia. Ningependa kuandika kwamba nilitia changu kwa ajili ya Nakato. Nilikitia kwa sababu niliogopa kuwa wa mwisho kusimama na kisu mkononi.

Siku ya khitma joto lilikuwa kama mtu mwingine jikoni. Kupitia ukuta tulisikia wanaume wakisoma kila mmoja juzuu yake, sauti zimechanganyika kama nyuki wa mzinga mmoja. Nilipika biriani ya mbuzi vyungu vitatu, na sijawahi kupika vizuri kama siku ile. Woga ulinifanya niwe mwangalifu kwa kila punje. Kisha mvumo ukatulia, akabaki msomaji mmoja wa dua, na "amina" zikawa zinaanguka pamoja, nzito, moja baada ya moja. Wanawake wakaketi chini. Walipanga migongo ukutani, mikono mapajani, kama wanafunzi. Amina ya mwisho ikapita. Nikazisikia kandambili.

"Yalla, yalla, sinia ziko wapi?" Thuraya alisimama mlangoni na abaya yake nyeusi, uso umepakwa poda, jasho limechora njia mbili shavuni. "Mnakaa? Mmechoka sasa hivi?" Prossy akainuka. "Mama, chakula kiko tayari. Nakato aende hospitali, kisha tunapakua." Thuraya alimtazama Nakato kwanza, na katika kutazama huko nikajua kwamba usiku mwingi hakuwa amelala. Kisha akapandisha sauti ya kunong'ona, ile ya mtu anayepiga kelele wageni wasisikie. "Nyie mna wazimu? Watu wamemsomea baba yangu, wanangoja! Mnamfanyia hivi maiti?" Akanigeukia mimi. "Mwanaidi. We Muislamu. We unajua. Pakua."

Nilinyanyuka. Nilifunua chungu, mvuke ukanipiga usoni, nikashukuru kwa kuwa ulinificha uso. Nilipakua wali mweupe chini, wa zafarani juu, nyama katikati, vitunguu vya kukaanga juu yake. Lilikuwa sinia la watu wanane, shaba ya zamani waliyokuja nayo kutoka Unguja, na sinia la namna hiyo lina mtu huku na mtu kule. Nililishika ukingo wa upande wangu. Nikangoja. Niliwatazama wote mmoja mmoja, na hakuna aliyekuwa na chuki usoni, hilo ndilo lililonivunja. Walinitazama kama wanavyomtazama mtu anayezama mbali. Thuraya hakulishika. Sidhani alikuwa na kiburi. Nafikiri hakuwahi kubeba sinia maishani mwake, na haikumjia kwamba lina upande wa pili. Mikono yangu ilianza kutikisika, punje zikamwagika vigaeni. Sijui nilisimama muda gani.

Bibi alikuja na fimbo yake. Dirisha lake lilikuwa wazi. Lilikuwa wazi siku zote mbili. Alinipita bila kunitazama, akaenda mpaka kwa Nakato. "Fungua, mwanangu." Nakato akafungua. Bibi alitazama muda mrefu. Kisha akasema, hakumgeukia yeyote, "Nimewasikia tangu juzi. Nikasema, nnyamaze, pengine watasahau, khitma ipite." Fimbo yake ilikuwa inagonga kigae bila yeye kujua. "Thuraya, mchukue." Thuraya akalia. "Mama, hana bataka, mume wangu atajua, nitamwambia nini?" Bibi akasema, "Mwambie ulisahau. Watu husahau. Mchukue, nnakwambia, nikuone unaliondoa gari." Gari lilipotoka getini, wanawake waliinuka wote kwa pamoja, na upande wa pili wa sinia langu ulishikwa na Prossy. "Twende," alisema. "Limepoa." Wageni walikula wakasifu nyama. Nakato alikatwa vidole viwili, na daktari alisema siku mbili zaidi ungekuwa mkono.

Siku ya tatu Thuraya aliniita kwake. Tulikaa sebuleni, mimi kwenye kochi kwa mara ya kwanza, na kukalishwa huko ndiko kulikonitisha zaidi. Alinimiminia kahawa kwa mkono wake. Pasipoti yangu ilikuwa juu ya meza ya kioo, kando ya sahani ya halua, kama kitu kilichosahauliwa. "Mama anakupenda sana," alisema. "Mimi pia sina ugomvi na wewe. We ulipakua, niliona. Nataka kujua tu, nani aliyeanza?" Hakunitisha kwa neno. Kulikuwa na sauti ya mashine ya kufua kutoka ndani, na nakumbuka nilifikiri: ikimaliza kuzunguka kabla sijasema, sitasema. Haikumaliza. Nilisema, "Prossy." Akaniambia, "Ahsante, kula halua." Nikala. Nilikula kipande chote, na kilikuwa kitamu, na utamu huo nausikia mdomoni ninapoandika haya.

Asubuhi ya pili watu wa maktab, ofisi iliyomleta, walikuja kumchukua Prossy. Alikuwa amevaa sare, anakausha nguo. Hawakumpa nafasi ya kubadilisha. Nilimwona toka dirisha la jiko akipita na mfuko mmoja, akitazama huku na huku, na nikachuchumaa chini ya dirisha. Na Bibi, aliyesikia kila kitu siku zote, alikuwa amejua ni nani aliyemtaja. Tangu siku hiyo hakunisemesha tena Kiswahili. Aliniagiza kwa Kiarabu, Kiarabu cha upole, chenye tafadhali ndani yake: chai, maji, funga mlango. Nilimwitika "Abee, Bibi," naye akapokea kikombe. Alikaa hivyo nami miezi mitano, hadi mkataba wangu ulipokwisha. Nilirudi Pangani, sikukaa, nikarudi tena Maskati kwa kafili mwingine, mwajiri anayenidhamini, katika jiko la kupikia harusi, ambako niko mpaka leo. Prossy alikaa maktab kwenye sakafu, kisha akapewa familia iliyokuwa ikienda Marekani kwa masomo ya bwana wao. Huko aliiacha familia hiyo, akaingia kazi ya kutunza wazee, akawauliza wenzake swali lake. Watu wanaojua nusu ya habari huniambia kwamba basi mambo yaliishia vizuri. Sijui. Aliyemsukuma mtu mtoni hapaswi kujisifu kwamba mtu yule alijifunza kuogelea.

Alhamisi hiyo hiyo aliyonipigia simu nilimfuata Prossy Bustan. Hoteli ilikuwa na baridi na marumaru, wanaume wenye beji wanapita, nami nikamwomba tukaongee kwingine. Tulikodi taksi hadi Qantab, kijiji cha jirani, kwenye mkahawa mdogo wa viti vya plastiki, tukaagiza karak, chai nzito ya maziwa, na chapati. Amenenepa, nywele zimeingia mvi mbele, anatembea kama mtu aliyezoea kufunguliwa mlango, lakini chai anaipuliza vile vile. Alikuwa anaongea kuhusu kesho, wanawake wangapi, waketi vipi, asiyetaka kupigwa picha asipigwe. "Wewe uanze na sinia. Mimi nitanyamaza kabisa." Nikasema, "Prossy, sikulipakua ili walione." Akatikisa mkono. "Najua. Niliona mikono yako. Lakini ukiwaambia watu mtu aliogopa tu, watajifunza nini? Nilikupa sababu nzuri. Ni zawadi." "Ni mimi niliyekutaja kwa Thuraya," nikasema.

Aliweka kikombe chini. Nilingoja kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele miaka yote. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama mahali fulani kati ya meza na mlango, na midomo yake ikawa inahesabu kitu. "Mimi nilidhani ni Nakato," alisema mwishowe. "Yeye ndiye alikuwa kwa ile nyumba. Nikasema, katoto kamebanwa, kametaja." Akakisogeza kikombe pembeni. "Amenitafuta, Mwanaidi. Miaka. Alitumia watu wa kanisa, alitumia pacha wake. Aliniandikia akiolewa. Nilisema simjui." Sauti yake, ile ya ukumbini, ilikuwa imekonda kama uzi. "Nilimwokoa mkono, halafu nikakataa kuushika."

Alitoa simu, akatafuta jina muda mrefu, akaipata namba ambayo hakuwahi kuifuta wala kuipiga. Alinisukumia mezani. "Piga wewe." Nikamwambia naogopa. "Ogopa ukipiga," alisema. Iliita mara nyingi. Sauti ya mwanamke mzima ikaitika, watoto wanapiga kelele nyuma yake, na nikamwambia mimi ni Mwanaidi, wa jikoni kwa Bi Zuwena, na kwamba niko na Prossy, na kwamba Prossy alimnyima salamu miaka yote kwa kosa langu. Nililisema kosa lenyewe, toka kochi hadi halua. Watoto waliendelea na kelele zao. Kisha Nakato akasema, si kwangu, "Nyie tokeni nje," na mlango ukafungwa, na akauliza kwa sauti ndogo, "Yuko hapo? Anasikia?" Prossy aliichukua simu. Mwanamke anayehutubia kumbi aliiweka sikioni akashindwa kufungua mdomo, na aliyeongea ni Nakato, peke yake, muda mrefu, mpaka chai zetu zikaota utando.

Simu ilipokatika Prossy alijifuta uso kwa karatasi ya chapati. "Kesho saa tisa," aliniambia. "Utasema yote. Kochi, kahawa, halua, usiruke kitu. Wale wasichana wanajua kuogopa kutaja. Hawajui mtu anaishi vipi baada ya kutaja." Nikamwambia kafili wangu akisikia nimesimama kwenye mkutano huo, sijui kama nitakuwa na kazi Jumapili. Akasema anajua, na hana la kuniahidi. Nikamwuliza kama amenisamehe. Alifikiri, kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa njia. "Hilo si la kesho," alisema. Taksi ilikuwa inangoja. Akafungua mlango wa mbele, akaketi kando ya dereva, akaniachia kiti chote cha nyuma.